Upishi wa Msimu Kanamkemer: Keki ya Makoma, Samaki wa Ukwaju na Kunde za Kukausha

Hapa Kanamkemer, mjini Lodwar, siamui chakula kabla ya kwenda sokoni. Naangalia kwanza kilichopo, ndipo nawasha jiko. Lodwar hupata mvua ya takriban milimita 200 kwa mwaka, na mboga zetu nyingi hupanda lori Kitale, mwendo wa kilomita 300 hivi. Laga, yaani mito ya msimu, zikifurika njiani, lori hukwama na nyanya hupanda bei siku hiyo hiyo. Anayetegemea lori peke yake hulipa zaidi na kula mboga zilizonyauka.

Ilhali Mto Turkwel uko mlangoni petu. Maji yanayoachiliwa kutoka bwawa la umeme, lililoanza kazi mwaka 1991, huusaidia mto kutiririka hata mvua ikikosa. Kutoka Katilu hadi Lodwar, mashamba ya kandokando yake hutoa kunde, mchicha, sukuma wiki, papai na tikiti maji. Kunde na mchicha hufurika wakati wa akiporo, msimu wa mvua. Akamu, yaani kiangazi, ikiingia, miti huchukua zamu: mikoma, miti ya jamii ya minazi, huangusha makoma, na ukwaju, ambao Waturkana huuita epeduru, hukauka mtini ukiwa tayari kuchumwa. Ukiujua mpangilio huu, hutakosa cha kupika mwaka mzima.

Keki ya makoma bila oveni

Watoto huguguna makoma njiani wakitoka shule, na akina mama tangu zamani huyatwanga wakapata unga mtamu wa kahawia. Unga huo una harufu inayokaribia sukari guru, na katika keki hunifaa kuliko vanila ya dukani.

Chagua makoma yaliyoanguka yenyewe, yenye rangi ya kahawia inayong'aa na harufu tamu. La kijani halijaiva, na lenye matundu lina wadudu. Yaoshe, yaanike hadi yakauke kabisa, kisha yatwange kwenye kinu polepole. Unataka ganda na nyama yake vibanduke, kokwa ibaki nzima. Ondoa kokwa, twanga tena, halafu chekecha mara mbili kwa chekecheo lenye matundu madogo. Nyuzi zinazobaki juu zitupe, maana hazilainiki hata ukizipika.

Vipimo vyangu ni hivi:

- unga wa ngano, vikombe 2
- unga wa makoma, kikombe 1
- sukari, nusu kikombe
- bekin pauda, vijiko vya chai 2 na nusu
- chumvi, kiasi kidogo tu
- mayai 3
- mafuta ya kupikia, nusu kikombe
- maziwa, kikombe 1 na robo

Anza kwa kuloweka unga wa makoma ndani ya maziwa ya uvuguvugu kwa dakika 15. Usiruke hatua hii. Unga huu hunywa maji mengi, na ukiutia mkavu utainyonya keki ikiwa jikoni, nayo itakatika ukiigusa. Piga mayai na sukari hadi yatoe povu, tia mafuta, kisha ule mchanganyiko wa makoma. Malizia kwa unga wa ngano uliochekechwa pamoja na bekin pauda na chumvi. Koroga mpaka vishikane tu, basi. Kwa joto letu, pima mayai kwanza kwenye bakuli la maji: yai linaloelea liache.

Oveni yetu ni sufuria kubwa yenye mchanga. Chukua mchanga safi wa laga, uchekeche, uoshe na uukaushe. Mwaga ndani ya sufuria kubwa hadi ufikie kimo cha vidole viwili, panga vijiwe vitatu juu yake, funika, kisha ipashe moto kwa dakika 15. Mimi hutumia makaa ya mti wa mathenge. Huwaka kwa nguvu, kwa hiyo chini naweka machache. Pakaa mafuta sufuria ndogo, mimina mchanganyiko hadi nusu, uikalishe juu ya vijiwe, funika ile kubwa, na juu ya kifuniko weka makaa mengi kuliko yaliyo chini. Moto wa juu ndio huipa keki rangi, na moto mkali wa chini ndio huiunguza.

Usifunue kabla ya dakika 35 kupita. Ikifika 40 au 45, choma kijiti katikati: kikitoka kikavu, keki imeiva. Iache ipoe kabla ya kukata. Napendelea kuoka alfajiri, kabla jua halijachoma mabati.

Samaki wa ukwaju

Tilapia wa Ziwa Turkana hufika Lodwar kutoka Kalokol akiwa mbichi au mkavu. Kwa samaki wanne, loweka konzi moja ya ukwaju uliomenywa katika kikombe cha maji moto kwa dakika 20, kamua kwa mkono, chuja. Kaanga vitunguu viwili hadi viwe vya dhahabu, tia kitunguu saumu na pilipili, kisha mimina ukwaju na kijiko kimoja cha sukari. Ukianza kuwa mzito, laza samaki waliokwisha kukaangwa, punguza moto, uwaache wanywe mchuzi kwa dakika 10. Nyanya ikiwa ghali, ukwaju huziba pengo lake vizuri. Samaki mkavu mloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu ili chumvi na moshi vipungue.

Kunde za akiba

Wakati wa mvua fungu la kunde huwa rahisi, nami hununua mengi. Chambua majani, yaoshe, yatumbukize kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika 2 au 3, kisha yachuje. Yatandaze juu ya wavu safi kivulini penye upepo. Jua kali huharibu vitamini A, na hewa ya Lodwar ni kavu kiasi kwamba kivuli kinatosha. Majani yakivunjika ukiyafinya, yatie kwenye chombo kinachofunga vizuri. Siku ya kupika, yaloweke nusu saa, yachemshe hadi yalainike, kisha uyamalizie kwa vitunguu na maziwa ya mbuzi au karanga zilizosagwa.

Kakuma na Kalobeyei, wanakoishi wakimbizi wengi na ambako watu hulima mboga kwenye vitalu vya kuzama ili kila tone la maji libaki kwenye mizizi, mchicha unaweza kukaushwa vivyo hivyo. Majirani wenye asili ya Kongo huuita lengalenga na huupika kwa mawese na samaki mkavu. Ukialikwa mlo huo, usikatae.

Tahadhari

Si kila tunda la porini huliwa lilivyo. Edung, kwa mfano, huchemshwa muda mrefu huku maji yakimwagwa na kubadilishwa mara kwa mara hadi uchungu uishe. Usijaribu kwa kubahatisha. Mwulize nyanya aliyeyapika matunda hayo miaka yote, umwone akifanya, ndipo nawe upike.

Ombi langu ni hili: ukimwona mama ameweka makoma, ukwaju au kunde chini kando ya barabara, nunua kwake kabla hujaenda dukani. Fedha hiyo inabaki Turkana. Na mkoma ulio karibu na boma lako usiukate. Huchukua miaka mingi kukua, na kiangazi kikikaza ndio utakaokulisha wewe na watoto wako.