Chukudu katika Mtelemko

Mnajua chukudu. Ni chombo cha mti chenye magurudumu mawili, kinachochukua mizigo katika nchi ya Kivu. Watu wanatelemsha viazi, kabichi na makala toka Kibumba mpaka Goma. Kibumba iko juu. Goma iko chini, kandokando ya ziwa. Katika mtelemko chukudu haihitaji kusukumwa. Inakwenda yenyewe.

Kijana mmoja alipakia magunia mawili ya viazi juu ya chukudu. Mkubwa wake akamwambia:
« Mdogo wangu, ukandamize breki tangu huku juu. »
Kijana akajibu:
« Yaya, huku juu inakwenda polepole. Nitafunga breki kule chini, karibu na watu. »
Nani alisema kweli? Tupige hesabu.

1. Mbio

Mbio za kitu ni urefu wa njia ambayo kitu hicho kinapita katika sekunde moja. Mtu akitembea metri 30 katika sekunde 20, mbio zake ni metri 1 na nusu kwa sekunde. Akiendelea vile vile, mbio zake hazizidi wala hazipungui. Huo ni mwendo sawa.

2. Mbio zinazoongezeka

Chukudu katika mtelemko haiendi hivyo. Uzito wake unaivuta chini wakati wote, haupumziki. Kila sekunde mbio mpya zinaongezwa juu ya zile za kwanza. Tuseme kila sekunde inaongeza metri 1 kwa sekunde:

Mwanzo: 0.
Baada ya sekunde 1: metri 1 kwa sekunde.
Baada ya sekunde 4: metri 4 kwa sekunde.
Baada ya sekunde 8: metri 8 kwa sekunde.

Kuongezeka huko kwa mbio kila sekunde kunaitwa mchapuko. Angalieni: mbio na mchapuko si kitu kimoja. Motokari ikienda mbio sana katika njia nyoofu, bila kuzidisha wala kupunguza, haina mchapuko. Chukudu inayoanza kutelemka polepole inao.

Zamani Galileo Galilei wa Italia (1564-1642) alichunguza jambo hili. Alitelemsha tufe dogo la shaba katika mfereji wa ubao ulioinamishwa. Saa kama zetu hakuwa nayo. Alipima wakati kwa maji yaliyotiririka chomboni. Akaona kwamba wakati ukiwa mara mbili, njia inakuwa mara nne. Mwaka 1638 kitabu chake juu ya mambo hayo kilitolewa.

3. Mbio zinazopungua

Breki haiondoi mbio zote mara moja. Inazipunguza kidogo kidogo. Tuseme kila sekunde inapunguza metri 1 kwa sekunde.

Kwanza: kijana anafunga breki mbio zikiwa metri 4 kwa sekunde. Atasimama baada ya sekunde 4. Mwanzo mbio ni 4, mwisho ni 0, kwa hiyo mbio za katikati ni 2. Njia yake ni 2 × 4 = metri 8.

Pili: anafunga breki mbio zikiwa metri 8 kwa sekunde. Atasimama baada ya sekunde 8. Mbio za katikati ni 4. Njia yake ni 4 × 8 = metri 32.

Mbio zimekuwa mara mbili tu, lakini njia ya kusimama imekuwa mara nne!

Sasa mtoto anavuka njia, metri 20 mbele. Katika hesabu ya kwanza chukudu inasimama mbali naye. Katika hesabu ya pili inamfikia ingali na mbio za karibu metri 5 kwa sekunde, pamoja na magunia yote mawili. Breki ni ile ile, lakini mtoto anaumia.

Basi mkubwa alisema kweli. Kijana alimsikiliza, akakandamiza breki tangu juu. Alifika sokoni amechelewa kidogo, na njiani hakumwumiza mtu.

Nanyi, wanafunzi, msivuke njia mbele ya motokari mkidhani itasimama papo hapo. Hata dereva mwema hawezi.

Maswali

1. Mwendo sawa ni nini?
2. Mbio na mchapuko zinatofautiana namna gani?
3. Jiwe linaloanguka linaongeza karibu metri 10 kwa sekunde, kila sekunde. Mbio zake ni ngapi baada ya sekunde 3?
4. Kijana akifunga breki ile ile mbio zikiwa metri 6 kwa sekunde, atasimama baada ya metri ngapi? Je, mtoto aliye metri 20 mbele atapona?