SOMO LA VIUMBE: NDEGE MVUVI WA RUZIZI

Pale Ziwa Kivu linapokwisha na mto Ruzizi unapoanza, kuna mwalimu asiyedai minervali. Ni mdiria, ndeke mwenye rangi nyeusi na nyeupe, urefu wake karibu sentimita 25. Katika vitabu vya Kifaransa mutamukuta kwa jina la martin-pêcheur pie.

Muangalie vile anavinda. Anasimama hewani, mabawa yanapiga mbio, kichwa hakitikisiki, kiisha anaanguka majini kama jiwe. Sasa tazama kifua. Dume ana mikanda miwili myeusi. Jike ana mmoja tu, tena umekatika katikati. Kwa hiyo hata bila jumeli unaweza kuandika katika daftari nani ni nani. (Jumeli yenyewe usiipeleke karibu na daraja la mpaka, wenye kulinda hawatakuuliza habari za ndeke.)

Jambo la ajabu ni jamaa yake. Katika miaka ya 1970 mtaalamu Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza ndege hawa huko Kenya, kwenye maziwa Victoria na Naivasha. Alikuta vijana dume wasio na jike wakiwasaidia wazazi wao kulisha wadogo. Kwenye Victoria, ambako kutafuta chakula ni kazi ngumu zaidi, hata dume wasio wa ukoo walikubaliwa kusaidia. Kwenye Naivasha wageni walifukuzwa. Njaa ya watoto ndiyo ilifungua mlango.

Kiota chake ni tundu refu analochimba katika ukingo wa udongo. Hapo ndipo shida ya Bukavu. Mahali ukingo umejengwa ukuta wa mawe, hachimbi. Tena anavinda kwa macho: pale chupa na mifuko ya plastiki imefunika maji, atamuona samaki namna gani? Takataka ile ile inateremka mpaka bwawa la Ruzizi I, lililojengwa miaka ya 1950, inaziba mitambo, na sisi tunasoma na mshumaa.

Kazi ya juma hili: keti nusu saa ufukweni, asubuhi. Hesabu mara ngapi anaanguka majini, na mara ngapi anapata. Na samaki gani? Sambaza waliletwa Kivu kutoka Tanganyika karibu mwaka 1959; andika kama umemuona akiwa naye mdomoni.