Somo la 9: Macho ya Mtu wa Biro

Tumfikiri karani mwenye miaka 45. Tangu ujana wake ameandika barua na kuhesabu fedha. Sasa, akitaka kusoma, anaishika karatasi mbali na uso. Anasema, "Ni uzee tu, hakuna dawa." Anakosa. Basi tujifunze mambo manne.

1. Macho ya kusomea. Ndani ya jicho kuna kioo kidogo laini kinachotusaidia kuona karibu na mbali. Tangu miaka 40 hivi kinaanza kuwa kigumu. Huu si ugonjwa. Miwani ya kusomea inatosha. Ndugu, usione haya kuivaa.

2. Macho makavu. Anayekaza macho kwenye kompyuta hupepesa kidogo, na machozi hukauka. Macho yanawasha. Kila dakika 20 tazama mbali, upepese.

3. Mtoto wa jicho. Kile kioo cha ndani kinaingia ukungu. Mtu anaona kama katika moshi. Hakuna dawa ya kutia inayouondoa. Mganga anakitoa kwa kupasua na kuweka kingine, na wengi huona vizuri tena.

4. Glakoma. Huyu ni mwizi asiyepiga hodi. Mara nyingi maji ya ndani ya jicho yanazidi kubana, na mshipa wa kuona unaharibika bila maumivu. Giza linaanza kandokando. Karani anasoma barua yake vema, lakini anajigonga bega mlangoni. Kuona kulikopotea hakurudi. Lakini matone ya kila siku, au kupasuliwa, huweza kulinda kulikobaki. Ikiwa mzazi wako au ndugu wa tumbo moja anao ugonjwa huu, ujiangalie zaidi.

Basi usinunue miwani sokoni na kusema, "Nimepona." Miwani inasaidia kusoma, lakini haimfukuzi mwizi. Ukifika miaka 40, nenda kwa mganga wa macho akupime. Mwenye ugonjwa wa sukari apimwe kila mwaka, maana sukari nayo huharibu macho. Usitie jichoni maji ya majani wala dawa ya jirani. Jicho likiwa jekundu na kuuma sana, au kuona kukipungua ghafula, usingoje kesho.

Maulizo:
1. Kwa nini tumeita glakoma mwizi?
2. Ni nani nyumbani kwako amepita miaka 40 na hajapimwa macho? Utamwambia nini?