Onyo la Cheti cha Usalama: Kwa Nini Vivinjari Hutofautiana

Mfumo wa majibu ya maabara waweza kufunguka katika kivinjari kimoja, na kingine kikatoa onyo kwamba muunganisho si salama. Wengi huhamia kile kilichokubali na kuendelea na kazi. Hata hivyo, vipimo viwili vinapopingana, tabibu hachagui jibu linalompendeza, hutafuta sababu.

Cheti cha usalama ni kitambulisho cha tovuti. Huthibitisha umiliki wa anwani, na huwezesha taarifa kusafiri zikiwa zimefichwa kwa msimbo. Kivinjari hukikubali iwapo kimetiwa saini na mamlaka iliyomo katika orodha yake ya kuaminiwa. Orodha hizo hazifanani: Firefox ina yake, Safari hutumia ya Apple, nayo Chrome ilianza kuhamia orodha yake yenyewe mwaka 2022. Aidha, seva ikisahau kutuma cheti cha kati kinachoiunganisha na mamlaka hiyo, baadhi ya vivinjari hukitafuta vyenyewe, na vingine hukataa. Simu yenye tarehe isiyo sahihi nayo huweza kukiona cheti halali kuwa kimekwisha muda.

Sababu hizo ni za kawaida, lakini si zote. Mwaka 2011 wadukuzi waliingilia DigiNotar, mamlaka ya vyeti ya Uholanzi, wakajitolea vyeti bandia. Kimoja, chenye jina la Google, kilitumiwa kuwapeleleza watumiaji nchini Iran. Watengenezaji wa vivinjari waliifuta mamlaka hiyo katika orodha zao; aliyekuwa hajasasisha kivinjari chake alibaki bila kinga.

Kwa hiyo, onyo linapotokea:

1. Hakiki tarehe na saa ya kifaa, kisha usome anwani herufi kwa herufi.
2. Sasisha kivinjari.
3. Onyo likibaki, usiingize nywila wala taarifa za mgonjwa, hata kama kivinjari kingine kinakubali.
4. Nakili maneno ya onyo na uyapeleke kwa kitengo cha TEHAMA. Jibu likihitajika kwa dharura, piga simu maabara kwa namba iliyozoeleka.

Mgonjwa naye akumbuke kwamba cheti halali huthibitisha anwani, si ukweli wa ushauri uliomo. Tovuti ya dawa bandia nayo huweza kuwa na cheti kisicho na dosari.