BUSTANI YA NYUMBANI NA WAGENI WAKE: SOMO KUTOKA CHUMBI, RUFIJI

Katika toleo hili tunajifunza jinsi kaya inavyoweza kukaribisha viumbe vya porini katika bustani yake kwa kutumia vifaa vilivyopo nyumbani. Somo hili linazihusu kamati za usharika zinazosimamia vikundi vya bustani, na pia wafadhili wetu wanaopenda kujua fedha kidogo inaweza kufanya nini. Tunaanza na kosa letu wenyewe, kwa sababu ndilo lililotufundisha zaidi.

Mara ya kwanza tulipofundisha somo hili Chumbi, tulitumia kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Kijitabu kilishauri kuacha matunda yaliyodondoka chini ya mti, kurundika matawi karibu na nyumba na kutofyeka majani marefu, ili wanyama wapate chakula na maficho. Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe, wanakikundi Waislamu na Wakristo pamoja. Bibi mmoja alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole kama mwalimu amewahi kulala dunguni wakati wa mavuno. Akatueleza kwamba embe lililoachwa chini linamwita nguruwe mwitu, na nguruwe akizoea uani, simba naye hayuko mbali. Hatukuwa na jibu. Somo tulilifunga siku ile, tukarudi kuliandaa upya.

1. Kwa nini bibi yule alikuwa na haki

Kata ya Chumbi iko kusini mwa mto Rufiji, ambako watu na wanyama wakubwa hawajawahi kuwa mbalimbali. Upande wa magharibi wa wilaya kuna eneo kubwa la Selous, ambalo sehemu yake ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Wazee wa Rufiji hawajasahau miaka ya 2002 hadi 2004, wakati simba mmoja aliposadikiwa kuua watu wapatao 35 katika vijiji vya wilaya hii kabla ya kuuawa mwaka 2004.

Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Craig Packer walitoa hesabu ya nchi nzima. Kati ya Januari 1990 na Septemba 2004, simba waliua watu wasiopungua 563 na kujeruhi wengine wasiopungua 308 hapa Tanzania, wengi wao kusini na pwani. Watafiti hao walieleza sababu ambayo bibi wa Chumbi aliijua bila kusoma. Pale ambapo swala na wanyama wengine wa kuwindwa wamepungua, simba humfuata nguruwe mwitu, na nguruwe mwitu huja kwenye mazao. Mkulima naye hulala shambani kulinda mazao yake, na hapo ndipo wanapokutana wote watatu.

Kwa hiyo tulibadilisha swali la somo. Badala ya kuuliza tutawavutaje wanyama, tukauliza ni nani aje na ni nani asije. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bustani ya Chumbi inamkaribisha mgeni anayekuja na jembe lake: mdudu anayechavusha maua, sisimizi anayelinda korosho, chura anayekula wadudu, bundi anayekula panya. Mgeni anayekuja kula jasho la mwenye nyumba hatutamwekea meza.

2. Kazi tano ndogo za kufanya kwa mikono

(a) Daraja la kamba kwa maji ya moto. Kila mtoto wa pwani anawajua sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mwembe au mkorosho kuwa viota, wanaoitwa maji ya moto kwa jinsi wanavyouma. Wengi huwachoma moto. Lakini hawa ndio walinzi wa bure wa mkorosho na mnazi. Huwinda mbu wa mikorosho anayefyonza machipukizi, na mbu wa minazi anayesababisha nazi changa kupukutika. Jambo hili lilichunguzwa Zanzibar tangu miaka ya 1950 na mtaalamu M. J. Way, na mbu wa minazi amepewa jina la kisayansi linalotokana na jina lake. Kwenye miembe pia, utafiti wa Benin ulionyesha kwamba miti yenye sisimizi wengi wa aina hii huharibiwa kidogo na nzi wa matunda.

Kazi ya mwenye bustani ni kuwarahisishia njia. Kama matawi ya miti miwili hayagusani, funga kamba ya usumba au ya katani kutoka mti mmoja hadi mwingine, nao watavuka bila kushuka chini, ambako hushambuliwa na sisimizi wadogo wa ardhini. Kabla ya kufunga, fanya jaribio: chukua jani lenye sisimizi wachache wa mti wa kwanza, liweke kwenye mti wa pili. Wakipigana, hao ni koo mbili tofauti, usiwaunganishe. Wakipokeana, funga kamba. Shambani usipalilie mpaka ardhi ibaki tupu kabisa chini ya miti, kwa kuwa ardhi tupu huwapa nguvu sisimizi wa chini. Wanaoogopa kuumwa wakumbuke kwamba korosho huokotwa baada ya kudondoka, haipandiwi mtini kama embe. Kwa anayepanda, majivu yaliyopakwa mikononi na miguuni husaidia.

(b) Nyumba ya matete kwa nyuki wapweke. Si nyuki wote wanaoishi mzingani. Wapo wanaoishi mmoja mmoja katika vitundu, hawana asali ya kulinda na ni nadra kuuma. Kata matete makavu au mianzi vipande vya urefu wa shibiri moja, upande mmoja uzibwe na fundo la mmea wenyewe. Chagua vipana na vyembamba, kuanzia tundu la ukubwa wa kijiti cha kiberiti hadi la penseli. Funga vipande 30 au 40 pamoja, viweke ndani ya kopo lililotobolewa kitako au kipande cha bomba, uning'inize chini ya paa, mdomo ukielekea mawio ya jua na mbali na mvua. Paka grisi kwenye kamba ili sisimizi wasiingie. Matete yabadilishwe baada ya msimu mmoja au miwili. Kwa yule nyuki mweusi mkubwa anayetoboa boriti, tundika gogo kavu la mti laini mbali na nyumba. Huyu ni rafiki wa pasheni ya njano, ambayo bila nyuki wakubwa huzaa kidogo sana.

Pembeni panda kivumbasi, mbaazi na alizeti, ili maua yasikosekane. Kivumbasi akina mama wanakijua tayari kwa kufukuza mbu.

(c) Nyumba ya chura. Chukua chungu kilichopasuka, kifunike chini penye kivuli na unyevu karibu na tuta la mchicha, uache mlango wa upana wa vidole vitatu. Basi. Usiku chura atatoka kula wadudu wa mboga.

(d) Beseni la maji. Weka sahani pana ya udongo juu ya kisiki au mawe, ujaze kokoto, kisha maji yasiyozidi kina cha kidole kimoja. Ndege na nyuki watasimama juu ya kokoto wanywe bila kuzama. Maji yamwagwe na kubadilishwa kila asubuhi. Maji yakikaa wiki moja yanazalisha mbu, na hatuwezi kugawa vyandarua kwa mkono mmoja na kufuga mbu kwa mkono mwingine.

(e) Sanduku la bundi. Kazi hii inahitaji mazungumzo kabla ya nyundo. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba bundi akilia juu ya paa, msiba unakuja. Kamati isimlazimishe mtu. Lakini kikundi kinachosumbuliwa na panya katika mahindi kinaweza kukubaliana kuweka sanduku moja shambani, mbali na makazi: sanduku la mbao la urefu wa sentimita 60, upana na kimo sentimita 40, lenye mlango wa sentimita 15, juu ya mti au nguzo ya mita 4 au zaidi. Bundi peke yake hamalizi panya, ghala safi bado linahitajika. Na panakowekwa sanduku pasitumiwe sumu ya panya, kwa kuwa bundi akila panya mwenye sumu hufa yeye pia.

3. Mipaka isiyovukwa

- Matunda yaliyodondoka yaokotwe kila jioni. Yaliyooza yafukiwe katika shimo la mboji na kufunikwa kwa udongo.
- Majani yafyekwe kuzunguka nyumba, choo na njia ya kisimani. Rundo la kuni likae mbali na mlango, maana panya hufuata rundo na nyoka hufuata panya.
- Dawa ya wadudu isipulizwe mkorosho ukiwa na maua bila ushauri wa bwana shamba. Salfa ni kinga ya ubwiriunga, haiui mbu wa mikorosho. Na dawa inayomuua mbu huyo huwaua maji ya moto na nyuki pia.
- Popo na bundi wasishikwe kwa mikono mitupu.
- Zikionekana nyayo za simba au dalili za tembo, bustani isubiri. Taarifa ifike serikali ya kijiji na askari wa wanyamapori mara moja.

4. Neno kwa kamati na kwa wafadhili

Mafuriko ya Aprili 2024 yaliharibu mashamba mengi ya bondeni, Rufiji na Kibiti. Kaya zilizohamia sehemu za juu zinaanza bustani kwenye ardhi isiyo na mti wala kivuli. Kwao kazi hizi ni njia ya kurudisha mboga na matunda haraka, na wadudu wanaochavusha ni sehemu ya mavuno hayo.

Kinachohitaji kununuliwa ni kidogo: kamba, misumari, mbao za sanduku, miche. Gharama kubwa ni muda wa mtu anayerudi kila mwezi kuona kama beseni lina maji safi na kamba haijakatika. Tunawaomba wafadhili wasiulize tu ni masanduku mangapi yametengenezwa, bali waulize pia ni kaya ngapi bado zinayatunza baada ya mwaka mmoja. Na kamati zianze kwa kuwasikiliza wanaolala dunguni kabla ya kufungua kijitabu chochote, kikiwemo hiki chetu.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika eneo letu, ni wanyama gani huja na jembe, na ni wapi huja kula jasho letu? Nani katika kijiji anawajua zaidi?
2. Ni desturi gani za usafi wa uani tunazo tayari zinazowazuia nguruwe mwitu?
3. Kati ya kazi hizi tano, ni ipi tunaweza kuianza wiki hii bila fedha ya mradi?
4. Nani atakagua maji ya beseni kila asubuhi, na atawajibika kwa nani?

Bibi yule wa Chumbi sasa ana kamba mbili za usumba kati ya mikorosho yake mitatu. Matunda yaliyodondoka bado anayaokota mwenyewe kila jioni kabla jua halijazama, na wajukuu wamejifunza kumsaidia.