Daftari tupu, mfuko umejaa mchanga

Swali: Mwanangu ana miaka minne, yuko chekechea. Daftari lake halina kitu, ila kila siku anarudi na mchanga mfukoni. Ada ninayolipa ni ya kucheza tu?

Jibu: Mama, kabla hujaenda kumkabili mwalimu, jaribu jambo moja leo jioni. Panga visoda sita mstari mmoja, na chini yake sita vingine vilivyolingana navyo. Muulize mwanao wapi viko vingi. Atakuambia viko sawa. Sasa, mbele ya macho yake, tanua mstari wa chini. Usishangae akisema huo ndio wenye vingi. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwachunguza watoto kwa namna hiyohiyo. Mwanao anaweza kuimba moja hadi ishirini bila kukosea, na sita bado hajaijua sawasawa. Ataijua kwa kushika, kupanga, kugawia wenzake na kugombana nao kidogo.

Mchanga nao una kazi. Kuufinyanga na kuuchorea kwa kidole hukomaza misuli ya mkono utakaoshika penseli. Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za msasa wazipapase kwanza.

Cha kukagua si daftari. Kaa darasani nusu saa: mwalimu anaongea na watoto, anawauliza "kwa nini"? Akiwaachia uwanja huku yeye amezama kwenye simu, hapo una haki ya kulalamika.