Usimbaji Fiche wa Barua Pepe na Mafaili ya Wingu: Ufunguo Yuko Nao Nani?

Mtahiniwa, swali la usimbaji fiche likitokea, wengi huandika kwamba ni "kuweka nywila kwenye kompyuta". Jibu hilo halitakupa alama. Nywila humzuia mtu mlangoni. Usimbaji fiche hubadili ujumbe wenyewe, hata aliyekwisha kuingia na kuuchukua akute herufi zisizosomeka. Ujumbe kabla ya kubadilishwa huitwa matini wazi, ukishabadilishwa ni matini fiche, na siri inayoubadili na kuurudisha huitwa ufunguo.

Tuanze na njia ya Kaisari, inayoitwa hivyo kwa sababu Julius Caesar aliitumia katika barua zake. Kila herufi husogezwa mbele nafasi tatu katika alfabeti ya herufi 26. BUKOBA inakuwa EXNRED, na MULEBA inakuwa PXOHED. Yatazame vizuri maneno hayo mawili fiche kabla ya kuendelea. Yote yana X katika nafasi ya pili na yote yanaishia na ED. Mtu anayeijua Kagera anaweza kukisia miji hiyo bila kugusa kompyuta. Udhaifu uko hapo: herufi moja hufichwa na herufi ileile kila mara, tena funguo zinazowezekana ni 25 tu, unaweza kuzijaribu zote kwa kalamu ndani ya kipindi kimoja. Njia ya leo iitwayo AES, ikitumia ufunguo wa biti 256, ina funguo nyingi kiasi kwamba idadi yake ni namba yenye tarakimu 78.

Hata hivyo, ufunguo mmoja una shida yake. Chukua mfano huu wa kubuni. Katibu wa chama cha msingi cha kahawa Muleba anataka kumtumia mhasibu wa chama kikuu, Bukoba, orodha ya wakulima: majina, kilo walizoleta na namba zao za akaunti. Akilifunga faili, mhasibu ataupataje ufunguo? Akiutuma kwa barua pepe ileile, amefunga mlango na kuuacha ufunguo kwenye kitasa.

Mwaka 1976, Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Marekani walichapisha njia ya kutoka hapo: funguo mbili zinazokwenda pamoja. Fikiria sanduku la maoni lililotundikwa ukutani hospitalini. Yeyote hutumbukiza karatasi, lakini anayesoma ni yule tu mwenye ufunguo wa kufuli. Tundu la sanduku ni mfano wa ufunguo wa umma, ambao mhasibu anaweza kumpa kila mtu. Ufunguo wa kufuli ni ufunguo binafsi, na huo haupewi mtu. Kwa faili linaloshirikiwa na watu wengi kwenye wingu, faili hufungwa mara moja kwa ufunguo wake, kisha ufunguo huo hufungwa kwa ufunguo wa umma wa kila mhusika. Ukimwondoa mtu kwenye orodha hatalifungua tena, lakini nakala aliyokwisha kuipakua inabaki kwake. Watunga maswali hulipenda jambo hili, na wanafunzi hulisahau.

Sasa tofautisha usimbaji wa njiani na usimbaji wa mwisho hadi mwisho. Barua pepe ya kawaida kutoka Muleba kwenda Bukoba, miji isiyofikia kilometa 100 kati yake, inaweza kupita kwenye seva zilizo nje ya nchi. Ikiwa njiani huwa imefichwa, lakini kampuni yenye seva ina ufunguo na inaweza kuisoma. Katika usimbaji wa mwisho hadi mwisho, ujumbe hufungwa kwenye kifaa cha mtumaji na kufunguliwa kwenye kifaa cha mpokeaji tu.

Proton, kampuni ya Uswisi, inafanya kazi hiyo. Ilianza huduma yake ya barua pepe mwaka 2014, ikiasisiwa na wanasayansi waliokutana katika kituo cha utafiti cha CERN, na baadaye ikaongeza hifadhi ya mafaili. Watumiaji wake wawili wakiandikiana, ujumbe hujifunga wenyewe. Wakimwandikia mtu wa huduma nyingine, haufungwi hivyo mpaka mtumaji auwekee nywila, na nywila hiyo ni vyema aitaje kwa simu. Kichwa cha barua nacho hakimo katika usimbaji huo, kwa hiyo usiandike siri pale. Mwaka 2021 kampuni hiyo, kwa amri halali ya mamlaka za Uswisi, ilitoa anwani ya intaneti ya mwanaharakati wa Ufaransa. Yaliyomo katika barua zake hayakusomwa. Usimbaji huficha kilichosemwa. Nani aliwasiliana, na lini, ni habari nyingine.

Lina gharama pia. Ukisahau nywila na huna njia ya urejeshaji uliyoiandaa mapema, barua zako za zamani zitabaki zimefungwa, na kampuni haiwezi kukusaidia.

Hili linakuhusu hata kabla hujaajiriwa. Matokeo yakitoka, huenda utakwenda steshenari mjini Bukoba au Muleba kubadili tahasusi kwenye mfumo wa Selform. Ukimwachia mhudumu nywila yako "akumalizie kesho", hakuna usimbaji utakaokulinda, maana umeshampa ufunguo. Kaa mwenyewe kwenye kompyuta, uondoke ukiwa umetoka kwenye akaunti.

Kwa upande wa sheria, kumbuka mbili: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayokataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Maswali

1. Simba neno KAGERA kwa njia ya Kaisari. (Jibu: NDJHUD)

2. Katibu wa Muleba amelifunga faili kwa nywila, kisha akaiandika nywila kwenye kichwa cha barua pepe. Eleza makosa yake mawili.

3. Mhasibu ameacha kazi na ameondolewa kwenye faili la pamoja. Je, orodha ya wakulima iko salama? Toa sababu.